Mwongozo: funga data zako hivi, atakayeokota flashi abaki na plastiki tu

Wakuu, chukua flashi mbili za GB 16 zinazofanana, moja mpya haina kitu na nyingine imejaa mahesabu ya miaka mitatu ya kuuza dagaa, peleka pale Mwaloni Kirumba hapa Mwanza uziweke kwenye mzani. Zitasoma sawa. Mzani hauoni tofauti kwasababu kilichobadilika kwenye ile iliyojaa ni mpangilio wa elektroni tu, kuna vichumba vidogo vidogo ndani ya chipu, vingine elektroni zimenaswa humo na vingine hazijanaswa, basi. Huo mpangilio unageuka kuwa "mteja wa Goma anadaiwa milioni 4" pale tu kompyuta inapousoma kwa kanuni fulani. Kompyuta nyingine ikiusoma kwa kanuni tofauti inaona takataka.

Enkripsheni, yani kufunga data kwa ufunguo, inacheza hapo hapo. Flashi inabaki ilivyo, ukubwa ule ule, plastiki ile ile, ila kanuni ya kuisomea inaondolewa na kuwekwa kwenye ufunguo unaokaa nao wewe. Kwahiyo ukishaelewa hili swali lako halitakuwa tena "flashi yangu iko wapi", litakuwa "ufunguo wangu uko wapi saa hizi", na mwongozo wote huu unafuata hilo swali.

Unamhusu nani? Katibu wa kikoba, mwenye duka la dawa, wakala wa pesa za simu, anayenunua mabondo ya sangara na hataki mshindani ajue bei anazolipa, mwanafunzi wa SAUT mwenye tasnifu kwenye flashi moja tu (wewe una matatizo mengine pia, soma mpaka mwisho). Unahitaji laptopu ya Windows, flashi isiyo na kitu cha maana, programu mbili za bure 7-Zip na VeraCrypt mzichukue kwenye tovuti zao rasmi siyo kwa mtu kwenye grupu, dadu moja ya ludo, sarafu, penseli na karatasi.

Hatua ya 1: fanya kwa mkono kwanza

Najua wengi mtairuka hii, msiruke, ni dakika chache na ndo inayofanya mengine yote yaeleweke.

Kila herufi ndani ya kompyuta ni namba. Neno dagaa ni 100, 97, 103, 97, 97. Hiyo 100 ya herufi d ikiandikwa kwa biti, yani kwa 0 na 1 tu, ni 01100100. Iandike kwenye karatasi. Sasa chukua sarafu, irushe mara nane, upande wenye sura ya mtu andika 1, upande wa pili andika 0. Tuseme umepata 01010011. Huo ndo ufunguo, weka chini ya ile d, afu linganisha biti moja moja: zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1.

d: 01100100
ufunguo: 01010011
jibu: 00110111

Hilo jibu ni namba 55, na kwenye kompyuta 55 ni tarakimu 7. Yani d yako imekuwa 7. Ukitaka kurudi, chukua jibu, weka ufunguo ule ule chini yake, linganisha kwa kanuni ile ile, d inarudi.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Chukua lile jibu 00110111 ulifungue na ufunguo mwingine, 01000100. Utapata 01110011, ambayo ni 115, ambayo ni herufi s. Kwahiyo karatasi ile ile, biti zile zile, kwa ufunguo mmoja ni mwanzo wa dagaa na kwa ufunguo mwingine ni mwanzo wa sangara, na aliyeokota karatasi hana pa kuanzia kabisa, kwasababu kila herufi inayowezekana ina ufunguo wake unaoileta na sarafu haikupendelea wowote. Hata umpe kompyuta zote za dunia hana cha kuhesabu. Claude Shannon, Mmarekani, alichapisha uthibitisho wa kihesabu wa jambo hili mwaka 1949, ingawa mtindo wenyewe Gilbert Vernam wa kampuni ya simu ya Marekani AT&T alishaugundua tangu 1917 kwa ajili ya mashine za telegrafu.

Masharti yake ni magumu lakini. Ufunguo uwe wa bahati nasibu kweli, uwe mrefu sawa na ujumbe, na usiutumie mara ya pili. Mtu akipata meseji mbili zilizofungwa kwa ufunguo mmoja anazilinganisha zenyewe kwa zenyewe, ufunguo unajifuta, anabaki na mchanganyiko wa meseji zako mbili na hapo anaanza kuzichambua. Na kwa flashi ya GB 16 ungehitaji ufunguo wa GB 16, sasa huo utauficha wapi. Ndo maana tunatumia AES, njia ya kufunga data, kazi ya Wabelgiji wawili Joan Daemen na Vincent Rijmen, ikafanywa kiwango rasmi cha Marekani 2001, yenyewe inachukua ufunguo mfupi wa biti 128 mpaka 256 na kuvuruga data vipande vya baiti 16 (baiti moja ni biti nane) kwa raundi nyingi, ukitumia ufunguo wa biti 256 ni raundi 14. Hiyo siyo uthibitisho kamili kama wa Shannon. Ulinzi wake uko kwenye gharama, na gharama ni ya umeme halisi, nakuja huko.

Hatua ya 2: paswedi kwa dadu

Paswedi nyingi za mjini hapa nazijua bila kuziona. yanga1935, simba1936, jina la mtoto na mwaka aliozaliwa, Nyamagana123. Programu za kubahatisha zinaanza na hizo hizo, majina ya watu, ya timu, ya mitaa, zinaongeza namba mwishoni, zinabadilisha a kuwa @, hiyo ya kuweka @ acheni jamani haidanganyi mtu tangu zamani. Kichwa cha binadamu hakiwezi kutoa bahati nasibu, hata ukijitahidi unarudi kwenye vitu unavyovipenda. Dadu haipendi kitu.

Chora hivi, mistari sita:

1: a b c d e f
2: g h i j k l
3: m n o p q r
4: s t u v w x
5: y z 0 1 2 3
6: 4 5 6 7 8 9

Rusha dadu mara mbili. Ya kwanza inakuchagulia mstari, ya pili inakuchagulia herufi kwenye mstari. Ukipata 3 halafu 5 ni q. Ukipata 5 halafu 4 ni 1. Endelea mpaka ufikishe herufi 15, usichague, usiseme "hii imekaa vibaya ngoja nirushe tena", hapo ndo unaanza kuiharibu. Herufi 15 za hivi ni kama biti 77 za bahati nasibu, kwa kazi zetu inatosha vizuri. Mwenye siri nzito aende 25, hiyo inavuka biti 128.

Utasema nitaikumbukaje. Utaiandika kwenye karatasi, ndio kwenye karatasi, mwizi wa mtandaoni hana mkono wa kufika kwenye droo yako. Baada ya kuichapa kila siku utashangaa vidole vinaijua vyenyewe.

Kwanini mwizi asijaribu tu funguo zote

Hili swali linaulizwa sana na jibu lake ni la fizikia. Mwaka 1961 Rolf Landauer, alikuwa mtafiti wa IBM, alionyesha kwamba kufuta biti moja kuna bei ya chini ya nishati ambayo huwezi kuikwepa, inategemea joto la mahali tu. Kwenye nyuzi 27, joto la kawaida kabisa Mwanza, ni juli 2.9 zikitanguliwa na nukta na sifuri nyingi, yani 0.0000000000000000000029. Siyo nadharia ya kwenye ubao tu, mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa na Ujerumani walinasa chembe ndogo kwa mwanga wa leza, wakaitumia kama biti moja, wakapima joto linalotoka ikifutwa, na ikaonekana kweli kuna kikomo pale pale Landauer alipokisema.

Sasa piga hesabu na mimi. Funguo za biti 128 idadi yake ni 34 ikifuatiwa na sifuri 37. Tuseme mwizi ana kompyuta bora kuliko zote zinazoweza kutengenezwa, na kila ufunguo anautumia biti moja tu ya kufuta, wala hajaribu chochote, anahesabu tu moja, mbili, tatu. Umeme atakaokula ni yuniti bilioni 270 na kitu. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla megawati 2,115, likizunguka mwaka mzima usiku na mchana bila kupumzika linatoa yuniti bilioni 18.5. Kwahiyo umpe bwawa lote, nchi nzima ikae gizani, miaka zaidi ya 14, kwa ajili ya kuhesabu tu. Na kompyuta za kweli zinakula kuliko hiyo ya kufikirika mara nyingi mno. Ufunguo wa biti 256 ndo kabisa, hata ukusanye nguvu yote inayotoka kwenye jua, yote siyo ile inayofika duniani, utahitaji muda unaopita umri wa ulimwengu mara kama trilioni mbili.

Ila hesabu inageuka ukifupisha ufunguo. DES, kiwango cha zamani cha kufunga data cha 1977, ilikuwa na biti 56, na mwaka 1998 taasisi ya EFF ya Marekani ilijenga mashine moja kwa chini ya dola 250,000 ikaivunja ndani ya siku tatu. Na yanga1935 haifikii hata huko. Ukifunga faili kwa AES ya biti 256 halafu paswedi ni yanga1935 mwizi hana habari na lile bwawa, ataanza na majina ya timu.

Hatua ya 3: funga faili moja na uone kwa macho

Chukua orodha yako ya mauzo uihifadhi kama CSV au maandishi ya kawaida ya Notepad. Usitumie faili la Excel la kawaida wala picha kwa jaribio hili, hayo yameshabanwa tayari kwa ndani utapata jibu la uongo.

Libane kwanza bila paswedi, kuwa zip. Litapungua sana kwasababu mahesabu yetu yanajirudia, "dagaa" mara elfu, "Kirumba" mara elfu, tarehe zinazofuatana, na programu ya kubana inaishi kwa kutafuta marudio.

Sasa libane upya kwa 7-Zip, chagua aina ya 7z, kiwango cha kubana weka sifuri yani isibane kitu, weka paswedi yako ya dadu, na utie alama kwenye kisanduku cha kuficha majina ya mafaili (wengi wanakisahau hiki, faili linafungwa lakini jina "wadaiwa wa kikoba" linasomeka na kila mtu). Ukipata faili lako la 7z, jaribu kulibana tena kuwa zip. Halipungui. Mara nyingine linaongezeka kidogo. Marudio yote yamepotea, dagaa elfu moja hazifanani tena hata mbili, na kwa programu yoyote isiyo na ufunguo hilo faili halina tofauti na kelele ya redio kati ya stesheni mbili. Hicho ndo kipimo cha haraka: data iliyofungwa vizuri haibaniki.

Utagundua pia ukiweka paswedi kuna kuchelewa kidogo. Ni makusudi, 7-Zip inaisaga paswedi yako mara 524,288 kabla ya kupata ufunguo wenyewe, wewe unasubiri kidogo mara moja, anayebahatisha anasubiri na kulipa umeme kila anapobahatisha.

Hatua ya 4: VeraCrypt, na ile meseji ya kufomati

7-Zip ni nzuri kwa kutuma faili moja. Kwa kazi ya kila siku tengeneza sanduku la VeraCrypt, ni faili moja ambalo ukilifungua linatokea kama diski nyingine kwenye kompyuta, unafanya kazi humo, ukimaliza unalifunga. Chagua AES, weka paswedi. Itafika mahali itakuambia zungusha mausi ovyo ovyo, zungusha kweli usiwe mvivu, kutetemeka kwa mkono wako kunachanganywa kwenye kutengeneza ufunguo. Kama flashi yako iko kwenye mfumo wa FAT32, na nyingi za ndogo ziko hivo, sanduku lisifike GB 4 maana FAT32 haikubali faili kubwa zaidi ya hapo, utaona inagoma tu bila kujua kwanini.

Unaweza pia kufunga flashi nzima bila sanduku, na hapa panahitaji tahadhari. Flashi iliyofungwa nzima ukiichomeka kwenye Windows yoyote, Windows inaiangalia, haielewi hata baiti moja, inakuambia diski hii inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika. Imejaa pomoni lakini kwa kompyuta ile ni tupu. Ndo picha utakayoikuta steshenari:

"Mama, flashi yako imekufa hii, inataka kufomatiwa. Nifomati?"

"Subiri mwanangu, usiguse kitu, chomoa tu unipe."

Kijana hana kosa, kompyuta ndo imemwambia. Lakini akibonyeza ndio, kilichokufa ni mwanzo wa diski, na mwanzo ndo pabaya. VeraCrypt inafungia data zako kwa ufunguo mkuu uliotengenezwa kwa bahati nasibu, paswedi yako kazi yake ni kuufungua huo ufunguo mkuu tu, na wenyewe umehifadhiwa kwenye kipande cha baiti 512 mwanzoni kabisa. Baiti 512 ni maandishi ya aya moja fupi hivi. Zikiharibika, GB 16 zote zinabaki kelele hata paswedi uwe nayo. Kwa bahati nzuri inaweka nakala ya kipande hicho mwishoni mwa diski na unaweza kuirudisha, na kwenye menyu kuna sehemu ya kutoa nakala nyingine nje, itoe, weka mahali pengine leo hii.

Jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui: ukibadilisha paswedi, ufunguo mkuu haubadiliki. Kwahiyo kama mtu alinakili flashi yako wakati paswedi ilikuwa simba1936, kubadilisha leo hakumzuii, ana kile kipande cha zamani na kinafunguka kwa paswedi ya zamani na ufunguo ni ule ule. Ukihisi umevuja tengeneza sanduku jipya kabisa uhamishe vitu.

Na usifungue sanduku lako kwenye kompyuta ya steshenari. Sisemi wana nia mbaya, nasema ukichapa paswedi pale ufunguo umehamia kwenye mashine ya mtu.

Hatua ya 5: ufunguo ukiwa umetoka nje

Wakati sanduku liko wazi ufunguo uko kwenye RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa umbo la chaji za umeme ndani ya vijichombo vidogo vinavyojazwa upya kila baada ya muda mfupi sana. Watu wanadhani ukikata umeme vinafutika papo hapo. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton na wenzao walionyesha kwamba vinachukua sekunde mpaka dakika kufifia, na ukivipoza kwa dawa ya kupuliza vinadumu zaidi, wakachomoa RAM, wakasoma, wakatoa funguo za diski zilizofungwa.

Mwizi wa Igoma hatakuja na dawa ya kupozea. Lakini kufunika laptopu ikalala tu ndo rahisi zaidi kwake, ufunguo bado uko ndani unalishwa umeme na betri. Kabla ya kupanda kivuko kwenda Ukerewe au basi la usiku, funga sanduku, zima kompyuta kabisa. Na ile ya kuhifadhi RAM kwenye diski ili uendelee ulipoishia ni mbaya vile vile kama diski ya Windows yenyewe haijafungwa, ufunguo unaandikwa diskini kabisa. Dawa ni kuwasha BitLocker, ufungaji wa diski wa Windows yenyewe, kwa wenye Windows Pro, au ule ufungaji wa kifaa uliopo kwenye Home nyingi za siku hizi. Ukiwasha utapewa namba ya uokoaji ya tarakimu 48. Iandike. Laptopu ikienda kwa fundi akagusa bodi au mipangilio ya mwanzo, itaiomba hiyo namba, na usipokuwa nayo hakuna fundi wa Mwanza wala wa Dar atakayekusaidia, akikuambia anaweza anakula hela yako.

Hatua ya 6: simu

Fupi hii. Simu zilizotoka na Android 10 kuja juu data zinafungwa zenyewe, hata zile za bei chee. Zamani za bei chee zilisamehewa kwasababu prosesa zake hazina sehemu maalum ya AES, ungefunga simu ikawa nzito, mpaka Google walipoleta njia inayoitwa Adiantum mwaka 2019 inayokwenda vizuri kwenye prosesa dhaifu. Ufunguo wa simu unatengenezwa kwa kuchanganya PIN yako na siri iliyochomwa ndani ya chipu yenyewe, ndo maana PIN ya tarakimu 6 inavumilika pale, mwizi hawezi kung'oa kumbukumbu akaenda kubahatisha kwenye kompyuta kubwa, lazima abahatishe kwenye simu hiyo hiyo na simu inamchelewesha. Usipoweka PIN kabisa huo mchanganyiko umekosa nusu yake, kuchora mstari wa L kwenye skrini naweka kundi hilo hilo.

Laini je? Watu wanadhani namba ya simu iko kwenye laini. Ndani ya laini kuna ufunguo wa biti 128 ambao haujawahi kutoka humo, mtandao unatuma namba ya bahati nasibu, laini inaikokotoa na ufunguo wake, inarudisha jibu, mtandao unalinganisha na kopi yake. Namba yako ya 07 ni maandishi kwenye mitambo ya kampuni yanayosema ufunguo fulani ndo namba fulani. Kwahiyo anayekuibia namba kwa kuomba laini mpya haigusi laini yako kabisa, anabadilisha yale maandishi. Laini ikikosa mtandao ghafla mchana wa jua kali na wa jirani upo, piga huduma kwa wateja kwa simu nyingine hapo hapo kabla ya pesa kuondoka. Weka na PIN ya laini, ila taratibu, ukikosea mara 3 inataka PUK (namba ya kuifungulia laini), na PUK ukikosea mara 10 laini imekufa.

Hatua ya 7: kuuza au kutupa

Ukifuta faili kwa kawaida ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye daftari, kurasa nyingine zote zipo na programu za bure zinazirudisha. Kwenye flashi na diski za SSD hata ukiandika juu yake huna uhakika, kwasababu chipu inahamisha maandishi huku na huku ili vichumba visichakae upande mmoja, unadhani umefuta pale pale kumbe umeandika chumba kingine.

Ndo maana kufunga tangu siku ya kwanza kunalipa. Data iliyofungwa tangu mwanzo haihitaji kufutwa, unaharibu ufunguo tu. Ukifanya simu irudi kiwandani inachofuta kwa haraka ni funguo, zile GB 64 zinabaki zimekaa pale pale lakini hakuna tena kanuni ya kuzisomea. Laptopu yenye BitLocker ni vile vile. Flashi ya zamani ambayo haikuwahi kufungwa, usiuze, vunja chipu yenyewe kwa nyundo, siyo kasha. Diski za zamani za sumaku ziandike juu yote mara moja, inatosha, hakuna haja ya mara saba.

Na hili siyo la hiari tena kama unashika taarifa za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Namba za vitambulisho vya wanakikoba ziko humo.

Hatua ya 8: bakapu ya ufunguo

Karatasi mbili, penseli siyo peni maana wino unafumuka karatasi ikipata maji. Moja nyumbani, nyingine mbali, kwa mtu unayemwamini ambaye hana flashi yako. Usiende kuilaminisha steshenari na usiitoe kopi, mashine nyingi kubwa za kopi zina diski ndani. Picha ya karatasi kwenye simu pia hapana, inaweza kupanda mtandaoni yenyewe bila kukuuliza. Data nazo ziwe na kopi mbili, zote zimefungwa, flashi mbili tofauti zisizokaa begi moja, mwenye tasnifu ndo nilikuwa nakusema.

Kabla hujaamini, chukua kompyuta ya pili ya mtu wa ndani, weka VeraCrypt, soma paswedi kutoka kwenye karatasi siyo kichwani, fungua sanduku, fungua faili la ndani kabisa uone namba zinasomeka. Mara nyingi hapa ndo unagundua l uliiandika kama 1, na o kama sifuri, rekebisha sasa. Ikifunguka, rudi kwenye laptopu ukatafute zile kopi ambazo hazijafungwa: ya kwenye desktopu, ya kwenye vilivyopakuliwa, ile uliyojitumia WhatsApp mwezi wa tatu, na iliyoko kwenye barua pepe ya mhasibu.